Hatua za Kwanza za Bwana Harusi

Jua halijachomoza, na mwanamke ambaye kila mtu katika shule hii ya kupanda farasi anamwita Shangazi anafanya jambo gumu kuliko yote aliyowahi kuyafanya hapa: hafanyi chochote. Amesimama mbele ya kibanda cha mwisho, mikono ameikunja kifuani, kamba ya kuongozea farasi iko begani, na mlango haujafunguliwa.

Nyuma ya mlango huo farasi mwekundu anagonga ubao kwa pua. Ana soksi nyeupe miguu yote minne na mstari mweupe unaoshuka kutoka kwenye paji la uso hadi puani. Kwa umaridadi huo, waliompokea siku ya kwanza walimpa jina la Bwana Harusi.

"Tulia, bwana," Shangazi anamwambia kupitia upenyo wa mlango. "Leo unatoka wakishafika wote. Wakuone ulivyo."

Wote ni meneja wa shule, daktari wa mifugo, na yeyote atakayependa kutazama. Leo ndiyo siku iliyowekwa. Meneja ataamua kama Bwana Harusi anabaki kazini au anapakiwa kwenye lori la mnunuzi wa farasi wachovu, ambao wakishapanda humo hawaonekani tena. Lori limeshaagizwa na litafika mchana.

Shangazi angeweza kudanganya. Angemtoa farasi mapema, akamzungusha uani mpaka viungo vipate moto, na meneja angefika akakuta mnyama anatembea kama kijana. Anajua kufanya hivyo kuliko mtu yeyote hapa, kwa sababu amekifanya kitu hichohicho kwa miaka mingi bila kujua kwamba anadanganya.

"Sitaki ushindi wa kuiba," anasema. "Atatoka akiwa baridi. Wakimkataa, wamkatae wakiwa wamemwona, wasije wakasema niliwafunga kitambaa machoni."

Mbele ya kibanda kuna mchanga uliopigwa reki vizuri, hauna hata alama ya ndege. Aliutengeneza jana jioni, kama anavyoutengeneza kila jioni tangu farasi huyu alipogundulika kuwa mgonjwa. Asubuhi farasi akitoka, mchanga unaonyesha alivyokanyaga. Ukwato ukiinuliwa vizuri unaacha alama safi ya mviringo. Ukiburuzwa, unachora mstari.

Ugonjwa wenyewe ni yabisi ya viungo, nao umeshika kifundo cha mguu wa nyuma wa kushoto. Mwandishi wa makala haya alifanya kosa la kukiita kifundo hicho goti, akajuta.

"Goti liko huku juu, karibu na tumbo," Shangazi anasema, akipapasa hewani kana kwamba farasi yuko mbele yake. "Pale unapopaona pamechongoka kwa nyuma ni kisigino. Farasi anatembea kwa ncha ya kidole maisha yake yote. Hebu jaribu wewe kutembea hivyo kutoka hapa hadi getini, umebeba mtu mgongoni, halafu uje uniambie kama kisigino hakikuumi."

Mwandishi hakujaribu.

Shangazi hataki umri wake utajwe. "Andika nimekomaa," anasema. Alikuja hapa akiwa na mtoto mgongoni, akaajiriwa kufagia ofisi na kupika chai ya wageni. Siku moja mtunza farasi mmoja aliugua, naye akaombwa ashike reki ya vibandani mpaka mwenzake apone. Aliyeugua akapata kazi kwingine, na mtoto aliyekuwa mgongoni sasa ni nesi. Reki bado iko mkononi mwa Shangazi.

Mshahara, anavyosema, unamaliza kodi ya nyumba na unga, halafu unamuaga. Vingine anavitafuta kwa kujaza samadi kwenye viroba na kuwauzia wenye bustani za maua. "Kuna watu maua yao yanawaka kama taa kwa ajili ya Bwana Harusi," anasema. "Wangepaswa kuja leo kumtetea."

Katika muda wote huo hajawahi kumpanda farasi. Kanuni ya shule hairuhusu wahudumu wa vibandani kupanda. Yeye analisha, anasafisha, anatandika, anashika hatamu mgeni akipanda, na anazipokea tena mgeni akishuka.

Bwana Harusi alikuwa farasi wa wanagenzi. Alibeba watoto, walimu waliostaafu, na wachumba waliokuja kupigwa picha. Kisha akabadilika. Akawa anakataa kuzunguka upande wa kushoto. Kwenye mteremko anajivuta kiubavu badala ya kushuka moja kwa moja. Fundi wa viatu vya farasi akimwinua mguu wa nyuma, teke linapita sikioni. Kiatu cha mguu huo kinalika upande wa mbele haraka kuliko vingine vyote. Akitandikwa, mgongo unakakamaa na mkia unachapa hewa.

Kila dalili ilipewa jina, na hakuna hata moja iliyoitwa maumivu. Wengine walisema ni mvivu. Wengine walisema ana kisirani. Waliobaki walisema amedekezwa, huku wakimwangalia Shangazi kwa pembe ya jicho.

"Walimpiga kiboko," anasema. "Wakambadilishia lijamu, wakamwekea ile kali ya kubana mdomo. Mtu anaumwa kisigino, wewe unambana mdomo! Nikisema ana kitu, naambiwa, Shangazi, wewe fagia."

Alisema tena na tena mpaka daktari wa mifugo akaitwa. Daktari ni mwanamke makini, mchache wa maneno, anayetembea na buti za mpira ndani ya gari. Alimtazama farasi akitembea, akamtazama akienda mchakamchaka, akapapasa miguu yote. Hakuona kitu. Akaja mara nyingine, hakuona kitu. Shangazi akaanza kuonekana kama mtu anayetafuta visingizio.

Halafu mhasibu akaanguka.

Mhasibu huyu ni mteja wa siku nyingi, mwanamume mnene, mpole, aliyeshauriwa na mkewe atafute mchezo. Alimpanda Bwana Harusi baada ya chai. Kabla hajakaa sawasawa, farasi alirusha miguu ya nyuma, na mhasibu akatua kwenye rundo la samadi, mkono ukiwa chini yake. Kifundo cha mkono kilivimba. Suruali haikufaa tena.

Meneja alitoa uamuzi siku hiyohiyo. "Hapa ni kazini," alimwambia Shangazi mbele ya watu. "Hapa si nyumba ya kutunzia wazee."

"Basi niondoe na mimi," Shangazi akamjibu palepale, "maana siku hizi nami nikiamka nashika ukuta. Lori likija lije na nafasi mbili. Lakini kabla halijaja, daktari aitwe tena."

Meneja si mtu mbaya, na hata Shangazi anakubali hivyo siku akiwa na furaha. Ni mtu wa haraka, mwenye funguo nyingi kiunoni na simu isiyonyamaza. Alimwita daktari, pengine ili tu apate amani.

Daktari alikuja, akamtazama farasi, na kwa mara nyingine hakuona kitu. Shangazi anasema alitamani ardhi ipasuke. Daktari alikuwa ameshafungua mlango wa gari aondoke alipogeuka na kuuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuliuliza.

"Shangazi, huyu farasi asubuhi hutolewa na nani?"

"Mimi."

"Unamtoa unamfanya nini?"

"Namtembeza. Akiamka anakuwa mzito mzito, kama sisi wote. Namzungusha taratibu mpaka alainike, ndipo namtandika."

"Kila siku?"

"Kila siku. Na nikisikia unakuja wewe, namtembeza zaidi. Mtoto si unamwogesha kwanza kabla ya kumpeleka kliniki?"

Daktari alifunga mlango wa gari polepole. "Basi umekuwa ukinifichia ugonjwa," alisema.

Alimweleza bila ukali. Kiungo chenye yabisi hukaza mnyama anaposimama muda mrefu. Akitembezwa, hulainika, na mwanzoni mwa ugonjwa kuchechemea kunaweza kupotea kabisa machoni pa mtu. Akisimamishwa tena, hukaza upya. Na shule hii ina bomba la chuma mbele ya ofisi, ambapo farasi hufungwa wakiwa na matandiko yao tangu wateja wa kwanza hadi wa mwisho, wakingoja zamu. Shangazi alikuwa akimlainisha Bwana Harusi alfajiri, bomba linamkausha, na mhasibu alimpanda akiwa amekauka.

"Nilikaa juu ya ndoo," Shangazi anakumbuka. "Nililia, usifiche, andika. Kumbe wema wangu ndio uliokuwa unampigisha kiboko. Wote wanamwona mzima, basi akikataa kazi ni jeuri. Na mzima nilimfanya mimi, kwa mikono yangu hii."

Kulia hakukuchukua muda. Alimkasirikia daktari kwa kusema, akajikasirikia mwenyewe, halafu akaona hasira hiyo inapotea bure wakati ugonjwa wenyewe unakaa kibandani unatafuna. Akaamua kuihamishia huko.

Kesho yake daktari alifika kabla ya mapambazuko, na meneja akaja na kandambili, kikombe cha chai mkononi. Farasi alitolewa bila kutembezwa. Alichechemea mbele yao wote. Daktari akaukunja mguu wa nyuma wa kushoto, akaushikilia juu kwa muda, kisha akaagiza farasi akimbizwe mchakamchaka papo hapo. Hatua za kwanza zilikuwa mbaya kiasi kwamba meneja aliacha kunywa chai.

Mashine ya eksirei ililetwa ndani ya gari. Katika picha, viungo vidogo vya chini ya kifundo, ambavyo huonekana kama mistari myembamba kati ya mifupa, vilikuwa vimeanza kuziba, na kingo za mifupa zimekwaruzika.

"Huu hauponi," daktari alisema. "Lakini anaweza kuishi nao. Viungo hivi vya chini havina kazi kubwa ya kukunjika. Wakati mwingine mifupa huungana yenyewe, na maumivu yakapungua. Kazi yetu ni kumsaidia afike huko bila kuteseka."

Meneja akauliza kama haingekuwa bora kumpumzisha tu, afungiwe kibandani miezi kadhaa. Hata Shangazi alidhani hivyo. Daktari akatikisa kichwa. Kufungiwa ndiko kubaya zaidi, alisema. Mnyama wa namna hii anahitaji kutembea kidogo kidogo mchana kutwa, kwenye uwanja ulio wazi, ardhi isiyo na mashimo wala matope mazito. Atachomwa sindano ndani ya kiungo. Kwa siku ngumu atapewa dawa ya unga kwenye pumba, kwa kipimo, maana ikizidi inaharibu tumbo. Apunguzwe unene. Asiruke vizingiti tena. Asizungushwe duara dogo kwa kasi. Na kabla ya kupandwa, atembezwe muda mrefu.

"Yote hayo atayafanya nani?" meneja akauliza.

"Mimi," alisema Shangazi.

"Na farasi wengine?"

"Na hao pia. Lini uliwakuta na njaa?"

Meneja akampa muda, hadi mvua ziishe. Kisha akaongeza sharti lake. Siku ya mwisho Bwana Harusi abebe mwanagenzi, mtu asiyejua chochote, azunguke naye uwanjani, amrudishe akiwa mzima. Asipoweza, lori.

Vita vya kwanza vilikuwa na bomba. Shangazi alikataa kumfunga Bwana Harusi pale, hata kwa dakika ya kupiga picha. Wateja wakifika wanawakuta farasi wamejipanga kwa heshima, na mmoja yuko uwanjani anazurura na majani mdomoni. Wenzake wakamcheka kwamba amefungua ukumbi wa harusi. Aliwaambia kadi za mwaliko zimekwisha.

Vita vya pili vilikuwa na fundi viatu. Huyu ni mwanamume wa mikono mikubwa, anayejivunia kumaliza farasi mmoja kabla chai haijapoa. Alizoea kuuvuta mguu wa nyuma juu na kuutanua pembeni, apate nafasi ya nyundo.

"Shusha," Shangazi akamwambia. "Ushikie chini, karibu na ardhi. Na umpumzishe katikati."

"Shangazi, mimi nina mgongo."

"Na yeye ana kisigino. Wewe angalau unajua kuomba ruhusa."

Fundi viatu alinuna wiki nzima, kisha akapiga magoti kwenye gunia na kufanya kazi chini chini kama alivyoambiwa. Teke halikuja. Baadaye ni yeye aliyepatana na daktari kukitengeneza kiatu kiwe kimekunjwa kidogo mbele, ili ukwato unyanyuke kwa urahisi. Leo anazungumza kama wazo lilikuwa lake tangu kuzaliwa.

Nyumbani, vita vilihamia kwa mume. Wanaishi vyumba viwili, na cherehani ya mzee iko chini ya dirisha, ameikalia tangu ujana wake. Magoti yanamsumbua. Shangazi aliporudi na elimu ya daktari, alimnyanyua kitini jioni hiyohiyo.

"Mimi niliposema goti linauma, aliniambia ni uzee," mzee analalamika, akiwa amesimama mlangoni kwake na futi ya kupimia shingoni. "Farasi alipochechemea, aliita daktari na eksirei. Sasa jioni ananitembeza hadi dukani na kurudi. Bado sijajua nikifika napewa maji kwanza au majani."

Goti je?

"Limepungua," anakiri kwa sauti ndogo. "Usimwambie."

Isidhaniwe kwamba mambo yalinyooka. Katikati ya mvua ardhi iliteleza, baridi ikaingia, na asubuhi moja Bwana Harusi aligoma kabisa kutoka. Mstari kwenye mchanga siku iliyofuata ulikuwa mrefu kuliko wa siku ya kwanza. Mtunza farasi mwenzake alimnong'oneza amtembeze haraka kabla meneja hajafika. Shangazi alimfokea hadi njiwa wakaruka darini. Akauacha mstari pale pale, akamwita meneja auone, akampigia daktari.

"Nilijua naweza kumpoteza," anasema. "Lakini nikificha tena, safari hii nitakuwa najua."

Kumekucha. Meneja amefika, leo amevaa viatu. Daktari yupo. Fundi viatu ameegemea toroli akijifanya ana kazi. Mhasibu naye amekuja, kwa kuwa anaendelea na mafunzo kwa farasi mwingine, na amesimama mbali kidogo na kofia yake ngumu chini ya kwapa.

Shangazi anafungua mlango.

Bwana Harusi anatoka. Hatua ya kwanza ni fupi, na nyonga ya kushoto inapanda kuliko ya kulia. Ya pili hivyohivyo. Ncha ya ukwato inagusa mchanga na kuchora mstari. Meneja anautazama mstari huo, kisha anatazama saa.

"Bado anachechemea," anasema.

"Ndiyo," Shangazi anajibu. "Na atachechemea kila asubuhi mpaka afe. Ulipata kuona wa kwanza ulivyokuwa mrefu? Huu ni shubiri moja tu. Sasa subiri."

Anamwongoza kuelekea uwanjani, taratibu, kamba ikiwa imelegea. Hamvuti. Wanakwenda hadi ukingoni, wanarudi, wanakwenda tena. Chai inaletwa, inanywewa. Kidogo kidogo nyonga zinalingana, kichwa kinashuka, hatua zinarefuka. Daktari anachuchumaa kutazama kwa chini, kisha anamwambia meneja kwamba kwa mwendo wa kutembea, farasi huyu anafaa kubeba mtu.

"Sawa, anatembea," meneja anasema. "Lakini nilisema abebe mwanagenzi. Nani atampanda?"

Wateja waliokuwa wakitazama wanagundua ghafla kwamba viatu vyao vinahitaji kuangaliwa. Habari za mhasibu na samadi zimeenea mpaka mitaa ya mbali. Mhasibu mwenyewe anaushika mkono wake uliopona.

"Mimi," anasema Shangazi.

"Wewe ni mhudumu. Kanuni unaijua."

"Ulitaka mtu asiyejua chochote. Hapa hakuna asiyejua kunizidi. Barua ya onyo niandikie kesho. Leo nina kazi."

Ni mhasibu anayesogea kwanza. Anakuja na kofia yake, anamvalisha Shangazi juu ya kitambaa chake cha kichwani, anamfunga kamba kidevuni. "Inabana kidogo," anamwambia kwa upole, "lakini ikifika wakati wake utaishukuru."

Kupanda kwenyewe si jambo la kuandikwa kwa kirefu. Inatosha kusema kwamba mara ya kwanza alikanyaga kikuku cha tandiko kwa mguu usiofaa, na nusura akae akiwa ameelekea mkiani. Fundi viatu aliinua, daktari alisukuma, na Bwana Harusi alisimama kimya muda wote huo, masikio yakiwa yamegeukia nyuma kusikiliza huyu anayelalamika juu yake ni nani.

Wanaanza kutembea. Shangazi ameshika singa za shingo ya farasi kwa mikono yote miwili, hatamu zinaning'inia. Wanapita kando ya bomba. Kwenye kona ya kushoto, ile aliyokuwa akiikataa, farasi anapunguza mwendo. Anageuka. Anageuka taratibu, kwa duara kubwa, kama mtu anayepita na sufuria ya moto, na anaendelea.

Wanakamilisha mzunguko. Meneja anainua mkono.

"Inatosha, Shangazi. Umeshinda. Shuka."

"Kushuka sijafundishwa."

"Tutakushusha."

"Kwanza piga simu. Lori lisije."

"Nitapiga."

"Basi mimi nitazunguka." Na kweli, anapita mbele ya meneja bila kusimama. Sauti yake inasikika kutoka upande wa pili wa uwanja: "Hata kesho niko hapahapa!"

Meneja anatoa simu, anaongea maneno machache, anairudisha mfukoni. Shangazi anafika tena.

"Tayari?"

"Tayari. Haliji."

"Na bomba ling'olewe."

"Hilo tutalijadili kwenye kikao."

"Bwana Harusi," Shangazi anasema, macho mbele, "tuzunguke."

Fundi viatu anacheka mpaka anashika toroli. Daktari amegeukia pembeni, mabega yanatikisika. Meneja anamtazama mwanamke huyu aliyemfagilia ofisi akiwa kijana, sasa yuko juu na yeye yuko chini, na pengine anahesabu mizunguko iliyobaki kabla ya jioni.

"Litang'olewa!" anapaza sauti. "Shuka, tafadhali!"

Bomba hilo Shangazi ameshalipangia kazi. Atalikata vipande, fundi viatu amchomelee lango la uwanja wa nyuma, na farasi wote watakaa huko wakingoja wateja, wakitembea wapendavyo. Na mchanga utapigwa reki mbele ya kila kibanda. Tayari ana wasiwasi na jike mmoja mweusi wa kibanda cha tatu, ambaye hivi karibuni viatu vyake vimeanza kulika mbele. "Kesho namtoa akiwa baridi," anasema. "Hakuna tena kumwogesha mtoto kabla ya kliniki."

Wanamshusha kwa mikono ya watu wengi. Anafika chini, na miguu inakataa. Ameganda kuanzia kiunoni. Anaisukuma mikono yote iliyotaka kumshika, anashika kamba ya farasi, na kuelekea kibandani kuvua tandiko. Hatua ya kwanza ni fupi. Ya pili hivyohivyo. Kwenye mchanga mbele ya kibanda, buti lake la kushoto linachora mstari pembeni ya ule wa Bwana Harusi.

Fundi viatu anaichukua reki, kwa nia njema, aufute kabla watu hawajauona.

"Acha!" Shangazi anageuka. "Usiufute. Kesho asubuhi nautaka hapohapo, tuulinganishe."